Nani Amekusukuma?

Swali la kwanza ninalompa mwanafunzi anayekuja kwangu kurudia fizikia ni la matatu. Umepanda hapa Thika, umepata kiti cha nyuma ya dereva, gari limeshika barabara kuu linaelekea Ruiru. Ghafla bodaboda anakatiza, dereva anakanyaga breki, na paji lako la uso linakwenda kugonga chuma cha kiti kilicho mbele. Haya, niambie: nani amekusukuma?

Karibu wote hujibu kwamba kuna kani iliyowasukuma mbele. Nikiwapa kalamu huichora kwa mshale mnene, na wajuaji wa darasa huipa hata jina. Nami humwacha mtoto amalize kuukoleza mshale wake, kisha namuuliza umetoka kwa nani. Kila kani ina mwenyewe: kamba huvuta, barabara husukuma, dunia huvuta, sumaku huvuta au hufukuza. Huyu aliyekushika kisogo akakutupa mbele ni nani? Hayupo. Kilichosukumwa ni gari, na limesukumwa kurudi nyuma, na lami, kupitia magurudumu. Wewe hukuguswa na yeyote. Ulikuwa ukiendelea na mwendo uliokuwa nao, kama Newton alivyoandika mwaka 1687, na shida yako ni kwamba hapakuwa na kitu cha kukuzuia mapema. Mkanda ungekuzuia. Gari likiwa linakwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, likasimama kwa sekunde mbili na nusu, mtu wa kilo 60 anahitaji kani ya nyutoni 480 ya kumrudisha nyuma. Hiyo ndiyo kazi ya mikanda ambayo waziri John Michuki alizilazimisha matatu kuifunga mwaka 2004, na ambayo katika magari mengi siku hizi imebaki kuwa pambo la kiti.

Wenzangu hunicheka: swali la alama mbili unalikalia jioni nzima! Nalikalia kwa sababu nimeona kwamba mtu akishaumia, jambo la kwanza linalofanywa na akili yake ni kumtafuta aliyemsukuma, na asipomwona humuumba. Mtoto wa miaka 17 akizoea kuuliza mwenye kani ni nani, na akaweza kuvumilia jibu la kwamba hayupo pale ambapo kweli hayupo, amepata kitu ambacho mahubiri mengi hayajampa, ya kwetu msikitini na ya kwao kanisani.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Kibokoni. Kazi ya ualimu ilinileta Thika nikiwa kijana mwembamba mwenye sweta moja. Nikaoa, nikazeekea hapa, na sasa naishi ng'ambo ya mto Chania, mahali ambapo alfajiri husikii mto bali malori ya mananasi. Likizo ya Agosti wanafunzi hunijia: wavulana na wasichana wa shule mbili zilizobeba jina la mto huu, na wengine wa shule za kutwa za Makongeni na Kiganjo. Wanakaa barazani na vitabu vyao na njaa yao. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 wenyewe uko ukingoni, darasa lake la mwisho ni la mtihani wa KCSE wa 2027, nami nadhani nitastaafu nao mara ya pili.

Mmoja wa wanafunzi hao ni binti wa jirani, na huja na nyanya yake, ambaye mtaa mzima tunamwita Shosho. Shosho anatibiwa saratani ya titi. Mwanzoni alikuwa akiandamana na mjukuu kwa kuwa hapendi kubaki nyumbani peke yake. Siku hizi huja hata mjukuu akiwa hana somo. Huleta ungo wa njahi, akachambua, akasikiliza. Ni mshirika wa kanisa la PCEA, anaijua Biblia yake ya Kikuyu kuliko mimi ninavyoijua fizikia, na ana maswali ambayo hakuna mtahini angejua kuyasahihisha. Siku ya swali la matatu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kwa hivyo, Mwalimu, mtu anaweza kuumia na kusiwe na adui?"

"Anaweza, Mama," nikamwambia.

Akarudi kwenye njahi zake. Lakini swali lile lilikuwa na wenyewe. Tangu augue, wageni hawakomi, na kila mgeni huja na aliyemsukuma. Mmoja alisema ni laana ya kesi ya shamba la Gatundu, iliyoanza kabla Shosho hajaolewa katika ukoo ule. Mwingine akasema ni fungu la kumi lililokatwa katikati. Wa tatu, soda mkononi, akataja jicho la jirani. Siwacheki. Ninao jamaa Mombasa ambao wangemtafutia jini kabla ya magharibi, na wangempata.

Mtu asinielewe, hata hivyo, kwamba fizikia imekuja kutuambia hakuna wa kulaumiwa popote. Anayefikiria hivyo nampeleka kwenye sura ya umeme wa majumbani.

Katika nyumba moja ya kupanga, si mbali na kwangu, mpangaji alipigwa shoti akioga, na ile shawa ya moto inayowashwa kwa swichi ukutani. Akahama. Aliyeingia baada yake naye akapigwa shoti. Likaenea neno kwamba chumba kile kina mambo. Akaja mtu wa maombi na chupa ya mafuta, akapaka mlango, akapaka madirisha, na namshukuru Mungu kwamba hakufika kwenye shawa. Mimi nilikwenda na bisibisi na testa ya bei rahisi. Waya wa kijani na manjano, ule wa kwenda ardhini, ulikuwa umekatwa, ukakunjwa na kufichwa nyuma ya swichi. Haukuunganishwa na chochote. Shawa ya namna ile hula karibu kilowati 5. Gawanya kwa volti 240 upate ampia kama 20, zinazopita sentimita chache juu ya kichwa cha mtu mwenye sabuni machoni, na moyo wa binadamu huweza kuvurugika kwa sehemu ya kumi ya ampia moja au hata chini ya hapo. Ongeza kwamba maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Pale mwenye kani alikuwapo. Alikuwa fundi, ana jina, alilipwa. Maombi hayakuwa na kosa kwa kuwa ni maombi. Kosa lake ni kwamba yalimpa fundi mahali pa kujificha.

Na sisi wa huku si wageni wa stima hata tukasema bado hatujaizoea. Maporomoko ya Ruiru ndiyo yaliyoipa Nairobi umeme wake wa mwanzo, mapema katika karne ya 20. Kituo cha Ndula, kwenye mto Thika, kilijengwa mwaka 1925. Pwani nasi tuna la kujivunia: Seyyid Barghash wa Zanzibar alipata jenereta ya kuangazia kasri lake mwaka 1875, na mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua. Zaidi ya miaka mia moja tumekaa na kitu hiki, na bado kikimuua mtu tunauliza alikuwa amekosana na nani.

Sasa nifike kwenye linalonisumbua mimi mwenyewe, kama Mwislamu na kama mwalimu wa fizikia, maana watu hao wawili hawajawahi kukaa vizuri kwenye mkeka mmoja.

Chuoni, tukiwa watoto, tulifundishwa itikadi ya Ash'ari, ambayo ndiyo ya mashekhe wa pwani yetu. Moto hauchomi kwa uwezo wake. Kisu hakikati kwa uwezo wake. Maji hayakati kiu kwa uwezo wake. Mungu huumba kuungua pale moto na kitu vinapogusana, na sisi kwa mazoea tunasema moto umechoma. Aliyeitetea hoja hii kwa ukali kuliko wote ni Al-Ghazali, ambaye Waswahili wengi tunamjua kwa kitabu chake cha Ihya na hatujui kwamba aligusa pia mambo ya maabara. Katika kitabu alichokiandika Baghdad karibu na mwaka 1095 kuwapinga wanafalsafa, alichukua pamba na moto. Umeona nini? Umeona pamba imegusana na moto, na umeona pamba imeungua. Hilo la tatu unalolisema, kwamba moto ndio uliofanya, hukuliona, umeliongeza wewe. Mwaka 1739 kijana wa Scotland aitwaye David Hume alifika karibu na hapohapo, ila yeye hakumtaja Mungu katika jibu.

Ghazali alifariki mwaka 1111. Baada ya miaka kama 70 alijibiwa na Ibn Rushd wa Andalusia, aliyekuwa kadhi na tabibu pia, na unaweza kumsikia tabibu katika jibu lake: mwenye kukataa sababu amekataa akili yenyewe, kwa kuwa kukijua kitu ni kuzijua sababu zake. Mgonjwa akija, tabibu asiyeamini sababu atampa dawa gani?

Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa Ghazali siku ya Ijumaa na mtu wa Ibn Rushd kuanzia Jumatatu. Huwezi kusimama mbele ya vijana 50, mbele yao soketi, ukawaambia umeme hauna nguvu yake wenyewe. Lakini ukiifundisha fizikia kwa muda mrefu utaona kwamba Ghazali hafukuziki kirahisi darasani. Mwulize Newton jiwe linavutwaje na dunia wakati hakuna kitu katikati. Alikuwa amepima uvutano hadi kwenye mwezi, na bado mwaka 1693 alimwandikia Richard Bentley kwamba kitu kutenda kwenye kitu kingine kwa mbali, kupitia utupu, bila chochote cha kupeleka utendaji huo, kwake ni upuuzi ambao mtu mwenye akili ya falsafa hawezi kuuangukia. Mwaka 1713, katika toleo la pili la kitabu chake kile cha 1687, alikataa kubuni sababu ambayo hakuiona. Kanuni yake inasema kiasi gani. Haisemi kwa nini. Vivyo hivyo ya Ohm, ya mwaka 1827: ongeza volti maradufu, mkondo utaongezeka maradufu, mradi waya usipate joto. Ghazali angeikubali bila kusitasita na kuiita desturi ya Mungu; Ibn Rushd angeiita tabia ya shaba. Ni kama watu wawili wanaosoma barua moja, herufi kwa herufi, wakagombana tu kuhusu sahihi iliyo chini yake. Mtihani hauulizi sahihi ni ya nani, na mimi niliridhika hivyo mpaka tukafika kwenye unururifu, yaani kuvunjika kwa viini vya atomi.

Mada hii iko karibu na mwisho wa kidato cha nne, na walimu wengi huipitia mbiombio kwa kuwa muda umekwisha na hakuna shule ya kawaida yenye kifaa cha kuionyesha. Mimi hutumia sarafu. Naagiza mtoto alete sarafu za shilingi moja kadiri awezavyo, zile mpya zenye twiga upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Unazimwaga mezani, unaondoa zote zilizoonyesha twiga, unazihesabu zilizobaki, unamwaga tena. Kila mara hubaki karibu nusu. Ukichora grafu unapata mteremko uleule ulio kitabuni. Binti alikuwa amekopa sarafu za kiosko cha mamake, akazimwaga kwa kelele hadi mbwa wa jirani akabweka, na baada ya kuchora grafu akakaa akiitazama. Kisha akasema neno ambalo katika miaka yote ya kufundisha sikuwa nimelisikia kwa mwanafunzi:

"Lakini Mwalimu, sarafu ina mkono."

Ndiyo. Sarafu ina mkono ulioirusha, ina hewa, ina ubao wa meza. Ungejua kila kitu kuhusu mkono ule ungejua twiga ataangukia wapi. Kiini cha atomi hakina mkono. Rutherford na Soddy, walipoanza kuupanga mchezo huu mwaka 1902, walikuta kila elementi nururifu ina mwendo wake usiojali joto, wala baridi, wala mgandamizo. Iodini-131 hupungua hadi nusu kwa siku 8. Kobalti-60 kwa miaka 5.27. Kaboni-14 kwa miaka 5,730. Urani-238 kwa miaka bilioni 4.5. Na kiini chenyewe hakizeeki. Atomi ya urani iliyokuwapo kabla dunia haijaumbika haina uchovu wowote; uwezekano wake wa kuvunjika leo mchana ni uleule uliokuwa nao siku ya kwanza. Katika mwili wa mtu mzima kuna potasi, na sehemu ndogo sana ya potasi hiyo ni nururifu, kiasi kwamba kila sekunde viini zaidi ya 4,000 huvunjika ndani yetu, tukiwa tumelala, tukiwa tunaswali, tukiwa tunabishana na makanga kuhusu chenji.

"Na hizi njahi?" akauliza Shosho.

"Hata hizo, Mama. Na ndizi, na viazi. Lakini ni kidogo, haina neno."

Akautazama ungo, akaendelea kuchambua.

Basi kuna viini viwili vya potasi nururifu, vimekaa jirani ndani ya punje moja ya njahi, havina tofauti yoyote inayoweza kupimwa. Kimoja kinavunjika sasa hivi, saa kumi na dakika tano. Cha pili kitakaa miaka bilioni mbili. Kwa nini kile na si hiki? Einstein hakulipenda swali hili liachwe wazi; mwaka 1926 alimwandikia rafiki yake Max Born akikataa kwamba Mungu anacheza dadu. Wengi walidhani ndani ya kila chembe kuna saa ndogo iliyofichika, na siku moja tutaisoma. Mwaka 1964 John Bell wa Ireland Kaskazini alionyesha namna ya kulipima jambo hilo, Alain Aspect akalipima kwa makini huko Ufaransa mwaka 1982, na mwaka 2022 yeye na John Clauser na Anton Zeilinger wakapewa tuzo ya Nobel. Matokeo yanaifuta saa hiyo, labda ukubali kwamba chembe zinaweza kuathiriana papo hapo hata zikiwa mbali sana. Wapo wanafizikia, si wengi, wanaolikubali hilo ili wabaki na sababu iliyofichika. Wengi wa wenzao wamekubali kwamba hakuna cha kusoma. Fizikia inajua umati utafanya nini kwa usahihi wa kutisha, na kuhusu huyu mmoja haina la kusema.

Hapa ndipo watu wa haraka hujitokeza, na nimewasikia wa pande zote mbili. Wa kwanza hufurahi: mahali pa Mungu pamepatikana, Yeye ndiye anayechagua kiini! Huyo Ghazali angemuuliza: na jiwe je? Na soketi? Ulikuwa umemwachia nani vyote hivyo hadi umtafutie Mola wako kazi ndani ya punje ya njahi? Wa pili naye hufurahi: ni bahati tupu, kwa hiyo hakuna Mungu. Kana kwamba bahati ni mtu, ana mikono, ameonekana kazini. Ukiniambia kitu kimetokea kwa bahati, umeniambia tu kwamba hukupata kilichotangulia. Wote wawili wamefanya alivyofanya abiria wa matatu: wamechora mshale, kisha wakatafuta jina la kuuandikia.

Mimi ninaamini qadari. Ninaamini kwamba hakuna kiini kinachovunjika nje ya elimu ya Mungu. Lakini kuna umbali kati ya kusema jambo limeandikwa na kusema mimi nimelisoma, na umbali huo ndio wageni wa Shosho wanaouvuka kila Jumapili alasiri. Nikimtazama mgeni anayejua kwa hakika kwa nini mama huyu na si dada yake ndiye aliyepata saratani, nakikumbuka kile kiini cha potasi. Hapa tuna kitu kidogo kabisa, kimepimwa na watu wenye akili kubwa kwa zaidi ya karne moja, na swali la kwa nini hiki na si kile limewashinda. Wewe mwenye soda umelipata wapi jibu la mwanamke mzima, mwenye miaka yake yote na damu yake na ukoo wake?

Najua kwamba mtu si kiini, na sitaki binti aandike hivyo kwenye karatasi. Saratani zina sababu, nyingine zinajulikana vizuri. Ya mlango wa kizazi hutokana na virusi, ina chanjo, na Kenya ilianza kuwapa chanjo hiyo wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Ya mapafu ina sigara. Anayekaa kimya mbele ya hayo akasema ni majaliwa amefanya kama wale wa mafuta na shawa, na Ibn Rushd ana haki ya kumfokea. Tafuta waya. Fungua swichi. Lakini ukifungua zote, ukafika mahali ambapo daktari mwenyewe anasema kwamba kwa mgonjwa huyu hawezi kuonyesha kidole, hapo uwe na adabu ya kusimama. Nimeona watu wasioweza kusimama. Ukimya unawatisha kuliko ugonjwa, kwa hiyo wanaujaza, na wanaujaza kwa jina la mtu.

Siku hizo tulikuwa tukifanya swali moja ninalolipenda. Mashine ya kutibu saratani inatumia kobalti-60, na kutoa dozi fulani inachukua dakika 2. Baada ya miaka 5.27 itachukua dakika ngapi? Ni 4, na alama ni rahisi, lakini nataka waone kilichomo. Mashine za namna hiyo zilitibu watu miaka mingi hapa nchini. Hakuna kiini hata kimoja ndani yake chenye ratiba, na kutoka kwenye umati huo usio na ratiba daktari anapanga dakika na sekunde, anaandika kwenye kadi, na anapata kile alichoandika.

"Ndiyo yangu hiyo?" akauliza Shosho.

Mjukuu ndiye aliyemjibu. "Yako ni ya stima, Shosho. Inarusha elektroni kwa kasi, zinagonga chuma, eksirei zinatoka." Kisha, kwa sababu alikuwa ameelewa somo na hakuweza kujizuia, akaongeza kwamba hata hapo hakuna ajuaye ni eksirei ipi itasimama kwenye seli ipi, wanajua tu ngapi.

Shosho akasema hilo halimsumbui. Akatutajia wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, katika Injili ya Luka, na jinsi Yesu alivyowauliza wasikilizaji kama wanadhani hao walikuwa na dhambi kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, akajijibu mwenyewe kwamba sivyo. Alisema habari hiyo amemsomea yule wa shamba la Gatundu hadi akaaga kabla ya chai. Mjukuu, ambaye naye anasoma, akamkumbusha kwamba neno linalofuata pale ni la kutubu.

"Kutubu ni kwangu na Mungu wangu," Shosho akasema. "Haihitaji wageni."

Nami nikamtajia Nabii Ayubu, tunayemheshimu sote, na wale marafiki zake katika Biblia waliokuwa wema kabisa mpaka walipofungua midomo. Akatikisa kichwa kukubali, hao anawajua. Kisha nikamuuliza jambo nililokuwa nikiliogopa: akilala chini ya ile mashine, baada ya kupelekwa na mwanawe kwa barabara ileile ya kupita Ruiru, huwa anaomba nini. Nilidhani atataja uponyaji, au subira. Mimi mwenyewe sijui mtu aombe nini hapo, aombe kanuni ibaki au ivunjwe.

"Naomba stima isipotee," akasema. "Na ikipotea, Mwalimu, hiyo nina namba ya kupiga."